Shujaa asiyetolewa ndani ya boksi

Ndugu msomaji, lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja tunalolitumia kwa vitu viwili vinavyoonekana kuwa mbalimbali kabisa. Neno hilo ni sanamu. Askari wa shaba asimamaye katikati ya jiji la Dar es Salaam, bunduki yake mbele, ni sanamu. Na kile kijitu cha plastiki, kirefu kama kiganja, ambacho watoto hukirusha hewani huku wakitoa milio ya vita kwa vinywa vyao, nacho ni sanamu. Wiki hii nataka niizungumzie hiyo ndogo. Ukinivumilia, utaona kuwa ile kubwa nayo imo.

Sanamu yenyewe niliiona hapa Musoma kwa kijana mmoja aliyeletewa na mjomba wake afanyaye kazi Marekani. Ni ya Black Panther, yaani Chui Mweusi, mfalme T'Challa wa nchi ya kubuni iitwayo Wakanda. Imo katika mfululizo wa Marvel Legends, ambao kampuni ya Toy Biz iliuanzisha mwaka 2002 na kampuni ya Hasbro ikauchukua mwaka 2007. Urefu wake ni inchi sita, yaani kama sentimeta 15.

Kwanza niipe haki yake. Fundi aliyeichonga alijua kazi. Shingo inageuka, mabega yanazunguka, viwiko na magoti yanakunja, hata kifundo cha mguu kinapinda, hivyo unaweza kuichuchumalisha kama chui anayemvizia swala. Mikono huchomolewa na kubadilishwa: ngumi kwa ajili ya hasira, makucha kwa ajili ya vita. Kasoro yake ni kwamba viungo vingi namna hiyo huifanya iwe ngumu kusimama wima bila kuyumba. Lakini kwa jumla huwezi kusema mnunuzi kaibiwa.

Panapohitaji macho ni kwenye biashara yake. Katika maboksi mengi ya mfululizo huu hutiwa pia kiungo cha sanamu nyingine: mguu humu, kichwa mle. Ukitaka kuikamilisha sanamu hiyo ya ziada, sharti ununue seti nzima. Muuza kuku wa sokoni akiisikia mbinu hii, atasikitika kwamba hakuibuni yeye.

Jambo lililonigusa zaidi, hata hivyo, ni kwamba kijana yule haichezei sanamu yake. Alinionyesha kupitia kidirisha cha nailoni kilicho mbele ya boksi, na maelezo ya viungo nikayapata kwake, maana alikuwa ameyasoma yote. Akanifahamisha kwamba sanamu ikishatolewa ndani ya boksi, thamani yake hushuka. Basi mfalme wa Wakanda anaishi juu ya kabati, amefungwa mikono na miguu kwa nyuzi za plastiki, anatazama ukuta.

Siku chache baadaye, nikiwa Bunda, nilimwona ndugu yake wa kuiga. Huyo hana kiungo hata kimoja kinachokunja, rangi yake inabaki vidoleni, na amevalishwa mkanda mwekundu ambao Chui Mweusi hajapata kuuvaa. Lakini alikuwa kazini! Mtoto wa miaka kama saba alikuwa amemfunga kwa uzi juu ya lori la waya lenye magurudumu ya kandambili, na mfalme wa Wakanda alikuwa dereva wa safari ya Mwanza, amebeba shehena ya magunzi.

Biashara hii ya mashujaa wa plastiki ina historia yake. Mwaka 1959 kampuni ya Mattel ilimtoa Barbie, mwanasesere wa wasichana. Mwaka 1964 Hasbro ikatoa askari wa wavulana, G.I. Joe. Wenye kampuni walihofu kwamba mzazi wa Kimarekani hatakubali kumnunulia mtoto wa kiume mwanasesere, hivyo wakalikwepa neno hilo na kubuni jina jipya lenye maana ya sanamu ya vitendo. Kitu kilikuwa kile kile. Jina lilibadilika, na jina likauza.

Kisha ikaja filamu ya Star Wars mwaka 1977. Kampuni ya Kenner, iliyokuwa na haki ya kutengeneza sanamu zake, haikuwahi kuzimaliza kabla ya Krismasi. Ikafanya nini? Ikauza pakiti ya karatasi ngumu yenye cheti ndani yake, na sanamu zenyewe zikaja kwa posta mwaka uliofuata wa 1978. Ama kweli, wazazi walinunua ahadi wakaifunga kwa karatasi ya zawadi. Wengi wa watoto wa zama hizo walipokua wakawa wakusanyaji, na hapo ndipo ilipokomaa kanuni aliyonieleza kijana wa Musoma: sanamu iliyochezewa ni ya mtoto, isiyoguswa ni mali.

Na huyu Chui Mweusi katoka wapi? Alitokea kwa mara ya kwanza katika kitabu cha katuni cha Fantastic Four, toleo namba 52 la Julai 1966, kazi ya Wamarekani wawili, Stan Lee na Jack Kirby. Miezi saba baadaye, Februari 1967, sisi huku tukatangaza Azimio la Arusha. Wao walikuwa wakibuni nchi ya Kiafrika inayojitegemea kwenye karatasi. Sisi tulikuwa tukijaribu kuijenga kwa jembe. Filamu yake ya mwaka 2018 iliingiza zaidi ya dola bilioni moja na milioni mia tatu. Ndani yake yumo Lupita Nyong'o, Mkenya na Mjaluo, ambaye lugha ya wazee wake inasemwa hapa kwetu Rorya, na Daniel Kaluuya, aliyezaliwa London kwa wazazi kutoka Uganda. Wakanda yenyewe wameiweka Afrika Mashariki, ingawa watu wake husemeshwa Kixhosa cha Afrika Kusini.

Nguvu za mfalme huyu zina asili mbili: jani la ajabu analokunywa maji yake, na madini yasiyopatikana kwingine, ambayo nchi yake iliyaficha na kuyatumia yenyewe. Mkazi wa Mara akilisikia neno madini hatabaki na usingizi. Tunaijua dhahabu ya Buhemba tangu enzi za mkoloni, na tunaijua ya Nyamongo, ambako mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Hatuhitaji katuni kutufundisha kwamba utajiri wa ardhini na nguvu za mwenye ardhi ni vitu viwili, na kwamba kimoja hakileti kingine chenyewe.

Zamani hatukuwa na maboksi. Watoto wa mkoa huu walifinyanga ng'ombe wa udongo, dume mwenye nundu na pembe, ndama pembeni, wakajenga na zizi la vijiti. Wasichana walivalisha gunzi kitambaa, likawa mtoto wa kubebwa mgongoni. Mvua ikinyesha, ng'ombe wale walirudi kuwa tope, na kesho yake kundi jipya lilifinyangwa. Hakuna aliyepata kutajirika kwa ng'ombe wa udongo ambaye hakuchezewa. Thamani yake ilikuwa ile kazi ya kumtengeneza na kumtumia, na mtoto alijifunza ufugaji kabla hajakabidhiwa fimbo.

Sasa twende kwenye sanamu kubwa. Pale Dar es Salaam Wajerumani waliweka sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann, amesimama juu, na chini yake askari wa Kiafrika. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaiondoa. Mwaka 1927 wakaweka hiyo ya askari tunayoiona hadi leo. Ile ya Wissmann ikaishia mjini Hamburg, na huko nako wanafunzi wakaiangusha mwishoni mwa miaka ya 1960. Funzo lake ni rahisi: sanamu haitulindi dhidi ya maswali. Kizazi kinachofuata kitauliza huyu ni nani na alifanya nini, na jibu lisipokuwepo, shaba haina msaada.

Ndiyo maana nasema nenda Butiama. Kutoka Musoma unafika Makutano, unakata kuelekea Butiama. Pale Mwitongo, katikati ya mawe makubwa, ndipo alipozikwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1999, na jirani ipo Makumbusho inayobeba jina lake, iliyofunguliwa mwaka huo huo. Humo kuna zawadi alizopewa, picha na vitu alivyovitumia. Vitu vilivyotumika, ndugu msomaji! Vingekuwa mali ya wakusanyaji, wangesema vimepungua thamani. Kwetu ndivyo vyenye thamani, kwa sababu mkono wa mtu ulivigusa.

Lakini naogopa. Naogopa kwamba Mwalimu mwenyewe tunamfanya kama T'Challa wa juu ya kabati. Uso wake umo katika noti ya shilingi 1,000. Sanamu yake ilizinduliwa Addis Ababa, makao makuu ya Umoja wa Afrika, tarehe 18 Februari 2024. Kila tarehe 14 Oktoba tunamfuta vumbi, tunamsifu kwa hotuba, tunamrudisha mahali pake. Kidirisha kinaonyesha tabasamu na fimbo, na boksi halifunguliwi.

Tukilifungua tutakuta nini? Tutakuta mtoto wa mtemi Burito wa Wazanaki, aliyeanza shule ya Mwisenge, hapa Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka kama 12. Tutakuta mtu aliyetiwa hatiani na mahakama ya mkoloni mwaka 1958 kwa maandishi yake, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Tutakuta waziri mkuu aliyeacha kiti Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru, akamwachia Rashidi Kawawa ili yeye akaijenge TANU vijijini. Tutakuta rais aliyelazimika kujificha askari walipoasi Januari 1964, kisha akawaomba Waingereza, watawala wa jana, waje kuzima uasi huo, jambo lililomtia uchungu. Tutakuta mfasiri wa Shakespeare, na mcheza bao.

Tutakuta pia Operesheni Vijiji. Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishiwa katika vijiji, wengi kwa nguvu, na wapo waliochomewa nyumba ili wasirudi nyuma. Wazee wetu wanayakumbuka. Mwalimu huyo huyo aliyejenga shule hadi vijijini na kuwafundisha watu wazima kusoma ndiye aliyesimamia jambo hilo. Mwaka 1985 akaachia urais kwa hiari yake, akarudi kijijini kulima. Yote hayo ni ya mtu mmoja. Huwezi kuchomoa mkono usioupenda ukapachika mwingine.

Wapo watakaosema kumtaja hivyo ni kumvunjia heshima marehemu. Mimi nawajibu kwa mfano wa jirani. Jimbo Katoliki la Musoma ndilo lililoanzisha mchakato wa kumwombea Mwalimu atangazwe mwenye heri, na tangu mwaka 2005 anaitwa Mtumishi wa Mungu. Utaratibu wa Kanisa hilo ni kukusanya maandishi ya mtu na ushahidi juu ya maisha yake, wa kumsifu na wa kumpinga, kabla ya kusema lolote. Ikiwa wanaotaka kumpandisha altareni hawaogopi kulifungua boksi, sisi wa darasani, wa barazani na wa redioni tunaogopa nini?

Ninalihimiza jambo hili kwa ajili ya watoto. Sanamu ya plastiki haina kosa kwa sababu haijapata kufanya lolote. Mtoto wa Bunda au Musoma hawezi kuwa T'Challa, kwani jani lile halioti Mara. Lakini anaweza kutembea kwenda shule. Anaweza kusimamia neno lake na kulipia faini. Anaweza kuacha cheo. Anaweza hata kuharibu, akatazama alichoharibu. Mtoto aliyeanguka mtihani hasaidiwi na shujaa ambaye hajapata kuanguka.

Mzazi, ukiwa na uwezo wa kumnunulia mwanao Chui Mweusi, mnunulie, si dhambi; ila mruhusu amtoe afanye kazi, hata akivunjika mguu. Nawe mwalimu wa shule, ukiwapeleka wanafunzi Butiama, usiwapange mstari wa kupiga picha tu. Wape kila mmoja swali moja gumu la kumwuliza mwongozaji. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Taifa hili nalo liliundwa, na walioliunda walikuwa na mikono yenye sugu. Tuwaonyeshe watoto sugu hizo kabla hatujawaonyesha shaba.