Kutoka Amri ya Mbelgiji hadi Kiwanja Chako: Uvira na Somo la Udongo

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulivunja kingo zake hapa Uvira. Watu wengi walikufa, na makumi elfu wakabaki bila nyumba. Sote tunakumbuka maji yale. Lakini yalikuja na mawe na udongo wa milimani, na sehemu ya udongo huo ilikuwa shamba la mtu kule juu.

Ndugu wasomaji na wasikilizaji wetu, leo tutazame nyuma. Kazi ya kuzuia udongo si ngeni kwetu. Kwa nini basi haikushika?

Milima ya Mitumba inapanda karibu moja kwa moja kutoka ziwani. Wazee wetu walijua kuishi nayo. Mpaka leo ukipanda vijiji vya juu utakuta migomba imezunguka nyumba, maharagwe na maboga chini yake, na majivu ya jikoni yakitupwa kwenye mashina.

Kisha ikaja amri. Sheria ya mwaka 1917 ilimlazimisha mkulima wa Kongo kufanya kazi mpaka siku 60 kwa mwaka kwenye mazao yaliyochaguliwa na serikali ya Wabelgiji. Katika bonde la Ruzizi zao hilo lilikuwa pamba. Baadaye, miaka ya 1940 na 1950, wakoloni waliona milima ya Kivu inamomonyoka, wakaagiza watu wachimbe mitaro na kupanda safu za nyasi kukatisha mteremko. Kazi yenyewe ilikuwa na maana. Ubaya ni kwamba ilikuja pamoja na faini na kifungo. Baada ya uhuru wa 1960, mitaro mingi iliachwa ikajaa, maana machoni pa watu ilikuwa mali ya Mbelgiji.

Miaka ya 1970 Mobutu akaleta Salongo. Watu walitoka kufagia barabara na kuchimba mifereji. Neno hilo bado liko midomoni mwetu, lakini somo lilikuwa lile lile: kazi ya ardhi ni ya mkubwa, na mkubwa akiondoka jembe linawekwa chini.

Mwaka 1978, huko Australia, Bill Mollison na David Holmgren walitoa kitabu kuhusu permakalcha, yaani kupanga shamba na makazi kwa kufuata mwenendo wa maumbile. Kwanza unatazama: maji yanapita wapi, jua linapiga wapi, upepo unatoka wapi. Ndipo unachimba. Kozi yake ya kawaida ni saa 72, lakini mwanafunzi anaiva kwenye kiwanja chake mwenyewe.

Mimi ninajifunzia kwenye mita chache nyuma ya nyumba, na daftari mkononi. Maendeleo siyapimi kwa lengalenga na sombe peke yake. Mvua ikinyesha ninatazama rangi ya maji yanayotoka uani. Yakiwa na rangi ya chai, udongo wangu unaondoka. Yakitoka meupe, nimesonga mbele.

Je, mambo haya yanaweza kukua mpaka yabadilishe mlima mzima? Tutazame Machakos, nchini Kenya. Wakamba nao walilazimishwa na Waingereza kuchimba matuta, na wengi wakayachukia. Baada ya uhuru walirudi kwenye kazi hiyo kwa hiari, katika vikundi vyao vya mwethya, wakipenda zaidi mtindo wa fanya juu: unachimba mtaro, unatupa udongo upande wa juu, na mwaka baada ya mwaka mteremko unakuwa ngazi. Kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ulipungua. Safari hii faida ilibaki kwa aliyechimba.

Hapo ndipo penye uzito kwa familia zilizohama. Anayelima shamba la kukodi atapandaje mwembe, wakati anaweza kutolewa msimu ujao? Kwanza, afanye vinavyohamishika: mboga kwenye magunia, miche kwenye mifuko, mbegu zake mwenyewe. Lakini mitaro haihamishiki. Kwa hiyo mwenye shamba na mpangaji waandikiane mbele ya shefu wa kartie: atakayechimba mitaro ahakikishiwe misimu kadhaa ya kuvuna. Bila hivyo tutakuwa tumerudia yale ya 1917, mmoja achimbe, mwingine ale.

Mvua zinaanza Septemba au Oktoba. Karatasi hiyo iandikwe wakati wa kiangazi, ardhi ingali kavu na watu wana nafasi ya kuongea.