Njia za kuwahamisha watu wa Goma volkano inapolipuka

Njia za dharura za Goma ni barabara, vivuko vya mpaka na bandari ambazo wakazi wa mji huo huzitegemea kuondoka mlima Nyiragongo unapolipuka. Goma, makao makuu ya mkoa wa Kivu ya Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umejengwa juu ya lava ya milipuko ya zamani, kilomita zisizofika 20 kutoka kasoko ya mlima huo wenye kimo cha mita 3,470. Kaskazini upo mlima, kusini lipo Ziwa Kivu, mashariki upo mpaka wa Rwanda. Magharibi ndiko kuliko wazi, nako hupitiwa na barabara moja kubwa, ile iendayo mji wa Sake. Ni miji michache duniani iliyobanwa kiasi hicho.

Tabia ya lava yenyewe ndiyo inayoamua mengi. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo mno, kwa hiyo ni majimaji na hukimbia. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa ndani ya kasoko lilimwagika kupitia nyufa za ubavuni kwa muda usiozidi saa moja, likawakuta wanavijiji wa miteremkoni kabla hawajajua la kufanya. Ikifika penye ardhi tambarare lava hupungua kasi, na mtu mzima anayetembea aweza kuitangulia, lakini huendelea kufuata mabonde hadi ziwani. Aliye njiani mwake huokoka kwa kukata upande. Akiteremka kuelekea ziwani, lava humfuata kule kule.

Mlipuko wa tarehe 17 Januari 2002 ulionyesha maana ya jambo hilo. Nyufa zilifunguka kutoka mlimani hadi karibu na Munigi, pembezoni kabisa mwa mji. Lava ikapita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege, ikaingia ziwani na kuugawa mji vipande viwili. Waliokuwa mashariki walivuka mpaka kwenda Gisenyi, na waliokuwa magharibi walishika njia ya Sake. Waliovuka kuingia Rwanda wanakadiriwa kufika laki tatu, na watu wapatao 120,000 walipoteza makazi. Funzo kwa wapangaji lilikuwa wazi: kila kata ijue upande wake mapema, na mpango wowote unaomtaka mtu avuke njia ya lava ili aifikie barabara yake hauna kazi.

Kazi ya kutoa tahadhari ni ya Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, kilichoanzishwa mwaka 1986. Kituo hupima mitetemo ya ardhi na gesi, na hali ya hatari hutangazwa kwa rangi nne: kijani, njano, machungwa na nyekundu. Rangi hizo zina faida pale tu vipimo vinapokuwa vinafanya kazi. Ufadhili wa Benki ya Dunia ulikwisha mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kituo hakikuwa na intaneti ya kupokea takwimu kutoka vituo vya mlimani. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka bila tangazo. Watu waliona anga jekundu, wakabeba watoto na magodoro, wengine wakapakia mizigo kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, na kuelekea mpakani au Sake. Lava ilisimama Buhene, kwenye kingo za mji, baada ya kuikata barabara ya taifa namba 2 iendayo Rutshuru. Watu wapatao 32 walifariki, baadhi yao kwa ajali za magari wakati wa kukimbia na wengine kwa gesi walipojaribu kuvuka lava iliyokuwa bado moto.

Siku tano baadaye ilitolewa amri rasmi. Alfajiri ya tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, aliamuru kata 10 kati ya 18 za mji zihame, kwa sababu vipimo vilionyesha magma chini ya Goma na chini ya ziwa. Watu takriban laki nne waliondoka kwa siku chache. Barabara ya Sake, yenye urefu wa kilomita 25 hivi, ilijaa magari, pikipiki na waenda kwa miguu hadi ikakwama, na wengine walipanda boti kwenda Bukavu. Sake haukuwa na maji safi wala vyoo vya kutosha umati huo, ukabaki na hofu ya kipindupindu, na mamia ya watoto walitengana na wazazi wao. Kosa la wazi hapa ni kuihesabu njia kwa upana wa lami na kusahau mahali inapoishia.

Kila njia ina hatari yake. Rubavu, ng'ambo ya mpaka, nako nyumba zilipasuka kwa mitetemo ya mwaka 2021. Kando ya ziwa kuelekea Sake kuna mazuku, mabonde ambamo hewa ya ukaa hujikusanya karibu na ardhi na kumuua mtu aliyelala au aliyeinama. Ziwa lenyewe limebeba takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa na 60 za methani katika maji ya kina. Magma ikiyavuruga maji hayo, boti ndiyo ingekuwa mahali pabaya kuliko pote. Ziwa Nyos la Kamerun, dogo mno kulinganisha na Kivu, liliua kwa gesi yake zaidi ya watu 1,700 mwezi Agosti 1986. Kwa hiyo njia ya ziwani hufaa lava ikiwa nchi kavu, na yapasa kufungwa dalili zikielekea majini.

Vita vimezidi kuibana ramani. Kuanzia 2022 waliokimbia mapigano ya kundi la waasi la M23 walipiga kambi Kanyaruchinya, kwenye mkondo wa lava. Mwaka 2024 mapigano yalifika barabara ya Sake, na Januari 2025 M23 iliteka Sake, kisha Goma.

Kurudi nako ni sehemu ya mpango. Mwaka 2021 serikali ilitangaza mwezi Juni urejeo wa awamu, ingawa wengi walikuwa wamekwisha kurudi wenyewe. Mwaka 2002 wengi walirejea baada ya siku chache tu, wakitembea juu ya lava ya moto, na makumi walikufa mjini kituo cha mafuta kilipolipuka. Mpangaji makini hutangaza mapema nani anarudi lini, wapi maji yamepimwa, na kata zipi bado zimefungwa kwa ajili ya gesi na nyufa.