Kujifunza sarufi ya Kiingereza kwa vifungu vya ufahamu

Kifungu cha ufahamu ni matini fupi, kwa kawaida ya aya moja hadi tatu, ambayo mwanafunzi huisoma kisha akajibu maswali. Katika shule zetu kifungu hicho kimezoeleka kama mtihani wa kuelewa. Makala haya yanakitazama kwa kazi nyingine, yaani kama mahali pa kufanyia mazoezi ya sarufi ya Kiingereza. Mifano mingi imechukuliwa Kariakoo na katika kata jirani ya Mchafukoge, jijini Dar es Salaam, kwa sababu sarufi hujifunzwa vyema pale ambapo habari yenyewe haimsumbui msomaji. Mwanafunzi aliyekwisha kutumwa dukani kununua doti ya kanga hahangaiki na maana ya kifungu kinachoeleza kanga. Hubaki na jambo moja la kuangalia, namna Kiingereza kinavyolisema analolijua.

Haja ya mazoezi ya aina hii si ndogo. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali husoma masomo yake kwa Kiswahili, na Kiingereza hukiona kama somo moja kati ya mengine. Akiingia kidato cha kwanza, fizikia, jiografia na historia zote humgeukia Kiingereza. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd waliichunguza hali hiyo nchini Tanzania, wakaona kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kuyabeba masomo. Mradi uliofuata mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Uingereza, ulipeleka shuleni vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi za ugumu. Wazo lilikuwa jema, ila hadithi huendeshwa na wakati uliopita tangu mwanzo hadi mwisho, na ndani yake daima kuna mtu anayetenda. Aliyezoea hadithi pekee hukwama kwenye kitabu cha baiolojia, ambamo watu hawaonekani na vitu hutendwa tu. Kwa hiyo mada ya kifungu ichaguliwe kwa kuangalia sarufi inayokuja nayo.

Sayansi: maziwa ya Mpemba

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia kwenye friza. Kwa kuhofia kukosa nafasi, Mpemba aliyatia ya kwake yangali ya moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake. Mwalimu hakumwamini. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali hilo Denis Osborne, mwanafizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekwenda kuzungumza na wanafunzi. Wenzake walimcheka, Osborne akaenda kulijaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha matokeo yao katika jarida la Physics Education, na wanafizikia wanalibishania jambo hilo hadi leo.

Kisa hiki kikiandikwa kwa Kiingereza chepesi, hutoa karibu kila kitu anachohitaji msomaji wa sayansi. La kwanza ni upatanisho. Maji na maziwa yako katika ngeli ya ya-, ambayo kwetu ni ya wingi, na mwanafunzi huihamisha: huandika "water freeze" au "the milk were hot". Katika Kiingereza nomino hizo hazihesabiki na hufuata umoja: "water freezes", "the milk was hot". La pili ni kiambishi -na-. "Maji yanaganda" yaweza kuwa tukio linaloonekana sasa, "the water is freezing", au kanuni ya siku zote, "water freezes". Kiswahili kina hu- kwa maana ya pili, lakini katika mazungumzo -na- imekwisha kuvamia uwanja wake. Mwanafunzi aulizwe: je, sentensi hii ingeweza kusemwa kwa hu-? Ikiwezekana, aandike "freezes".

Masharti huleta shida zaidi. Kiswahili huweka -nge- pande zote mbili: "Maziwa yangekuwa ya baridi, yangechelewa kuganda." Mwanafunzi akifuata ulinganifu huo, huandika "If the milk would be cold, it would freeze later." Kiingereza sanifu hukataa "would" katika upande wa sharti, huweka umbo la wakati uliopita, "If the milk were cold", japokuwa hakuna kilichopita. Kosa hili halitoki kwa kulikemea. Hutoka pale mwanafunzi anapoziweka sentensi mbili juu na chini na kuona kwamba ulinganifu wa lugha yake ndio uliompotosha.

Mwisho kuna kitenzi "may". "Hot water freezes faster" na "hot water may freeze faster" ni madai mawili tofauti, na wanafizikia wakibishana juu ya tukio la Mpemba, hiyo ndiyo tofauti wanayobishania. Katika Kiswahili kazi ya "may" hufanywa na huenda, yaweza au labda. Mfasiri anayeiacha "huenda" kwa kuona kwamba haina uzito amegeuza dhana kuwa kanuni.

Utamaduni: doti ya kanga

Chukua kifungu kinachoeleza maduka ya kanga ya Mtaa wa Uhuru. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani maneno yaliyochapwa chini ya mji. Huuzwa kwa doti, vipande viwili pamoja. Maelezo ya kitu chenye sehemu zake ni uwanja wa "a" na "the": "A kanga has a border. The border is called pindo." Mara ya kwanza kitu hutajwa kama kigeni kwa msomaji, mara ya pili kimekwisha kufahamika. Sentensi moja moja ubaoni haziwezi kulionyesha jambo hili, kwa kuwa kufahamika huhitaji sentensi iliyotangulia.

Mara nyingi husemwa kwamba Kiswahili hakina namna ya kuonyesha tofauti hiyo. Si kweli kabisa. "Mama amenunua kanga" na "mama ameinunua kanga" si kitu kimoja: kiambishi -i- cha yambwa hutuambia kwamba kanga hiyo tunaijua tayari. Mwalimu akianzia hapo, "the" haiwi tena kineno cha kukariri.

Kiambishi hicho hicho, hata hivyo, hutega mtego mwingine. "Kanga niliyoinunua" huzaa "the kanga which I bought it". Katika Kiingereza "which" imekwisha kuishika nafasi ya yambwa, kwa hiyo "it" haina pa kukaa.

Mazingira: mifuko ya rambo

Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile iliyoitwa rambo na wachuuzi wa Kariakoo. Kifungu juu ya marufuku hiyo hulazimisha uchaguzi kati ya "plastic bags were banned on 1 June 2019" na "plastic bags have been banned since 1 June 2019". Sentensi ya kwanza hutaja siku na kuifunga. Ya pili huanzia siku ile ikaja hadi leo.

Wengi wamefundishwa kwamba -li- ni ya kwanza na -me- ni ya pili. Kanuni hiyo husaidia kwa juma moja, kisha huanza kudhuru. Soko kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Aliyesema kesho yake "soko limeungua jana" hakuvunja sarufi ya Kiswahili, kwa sababu -me- yetu hutazama hali iliyobaki, na jivu lilikuwapo mbele ya macho yake. Kiingereza, kikishasikia "yesterday", hudai "burned". Tena -me- mara nyingi hutaja hali tu, na umbo la "have" haliifai: "amevaa kanga" ni "she is wearing a kanga", "amelala" ni "he is asleep", "nimechoka" ni "I am tired". Kabla ya kufasiri -me-, mwanafunzi ajiulize kama kinachosemwa ni tendo lililokamilika au hali iliyopo. Neno bado lina tabia inayokaribiana na hiyo: "mifuko bado ipo" huchukua "still", na "mifuko bado haijaisha sokoni" huchukua "yet".

Kifungu juu ya soko lenyewe hufaa kwa kauli ya kutendwa. Jengo lile, lenye paa la zege la umbo la miavuli, lilisanifiwa na Beda Amuli katika miaka ya 1970. "Na" hiyo ni "by". Lakini "na" yetu hutumika pia kwa "and" na kwa "with", na anayeandika "designed with Beda Amuli" amemfanya msanifu kuwa msaidizi wa mtu asiyetajwa.

Vifungu vya mazingira vimejaa maagizo, na hapo irabu -e huonyesha nguvu zake. Jina la Mchafukoge lenyewe sikio la Mswahili hulisikia kama agizo: mchafu, koge, na agizo lote limekaa kwenye irabu ya mwisho. Kiingereza hakina irabu ya kazi hiyo. "Waliwaambia wachuuzi watumie vikapu" huwa "they told the traders to use baskets". Wanaoandika "they told the traders they use baskets" wamegeuza agizo kuwa taarifa.

Namna ya kukitumia kifungu

Kifungu kisomwe mara ya kwanza bila kalamu, kisha mwanafunzi akisimulie kwa Kiswahili. Baadhi ya walimu huuona usimulizi huo kuwa ni kurudi nyuma. Katika makala haya unahesabiwa kuwa nusu ya kazi, maana ndio unaotoa sentensi za kulinganisha. Mara ya pili itafutwe alama moja tu ya sarufi, kwa mfano kila "the", au kila kitenzi chenye "have". Mara ya tatu kifungu kifunikwe, na usimulizi wa Kiswahili urudishwe kwenye Kiingereza. Makosa yatakayotokea hapo ndiyo ya kushughulikiwa, na aghalabu yatakuwa machache kuliko yale ya insha huru.

Mojawapo hutokea hata kwa waliobobea. A- ya "alitia maziwa kwenye friza" haisemi kama mtendaji ni mwanamume au mwanamke, na baada ya sentensi tatu Mpemba huwa "she". Katika usomaji wa mara ya tatu kila "he" na kila "she" irudishwe kwenye jina la mwenyewe.