Mpira wa Pamba: Tarikhi ya Soka la Ridhaa Kandokando ya Ghuba ya Mwanza

Ghuba ya Mwanza, ambayo hutoka katika Ziwa Viktoria ikapenya nchi kavu kuelekea kusini, yaitenga miji na vijiji vya mashariki, Mwanza na Misungwi, na nchi ya magharibi yenye Sengerema na Geita. Na mahali ambapo maji yale hubanwa pakawa pembamba zatazamana bandari mbili ndogo, Kigongo upande wa jua kucha na Busisi upande wa jua kuchwa. Kwa miaka mingi kila aliyesafiri kwa barabara hiyo kutoka Bukoba, Geita au Sengerema kwenda Mwanza hakuwa na budi kusimama Busisi akingoja kivuko, na katika foleni ile walichanganyika watu wa kila namna: mgonjwa aliyepelekwa hospitali ya Bugando, mwanafunzi na sanduku lake, mchuuzi wa sangara, dereva wa lori lililosheheni pamba, na vijana wa timu ya mpira wenye mifuko ya jezi na roho za papara, wakihofu kwamba saa ya mchezo itafika ilhali wao wangali majini. Wasimulizi wengi wa tarikhi ya mpira wa kanda hii huanzia katika uwanja wa Nyamagana au Kirumba. Mimi naona insafu kuanzia katika foleni ile, na hasa katika lori lile, kwa sababu mpira wa pwani hii ya ziwa ulizaliwa na pamba, ukalelewa na pamba, na kila pamba ilipougua nao ulishikwa na homa.

Lakini kabla ya mpira yalikuwako mashindano. Wasukuma walikuwa na vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake husimuliwa kuwa ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kwa dawa na kwa kucheza hata wafuasi wao wakagawanyika pande mbili za kudumu. Baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, vyama hivyo vilikutana uwanjani vikacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja na ngoma yake, na ushindi haukuamuliwa na kadhi wala mwenye filimbi, bali na hadhira yenyewe: upande uliovuta watazamaji wengi zaidi ndio ulioshinda. Hivyo kila manju alikuwa mtunzi wa nyimbo, mpangaji wa wachezaji na mtafuta dawa ya mvuto kwa pamoja. Kule Bujora, karibu na Kisesa, ambako Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, alijenga makumbusho ya Wasukuma, mashindano haya yalifungamanishwa na sikukuu ya Kikristo ya mwezi Juni, nayo hufanywa hata leo kwa jina la Bulabo. Nimeyataja haya kwa minajili ya jambo moja. Watu husema kwamba ushabiki wa mpira, na kafara za makipa, na kuzunguka uwanja usiku wa kuamkia mchezo, ni mambo yaliyoletwa na mpira; nami nadhani mpira uliyakuta yamekwisha kukaa kitako, ukayapa jezi tu.

Ulivyofika mpira wenyewe si habari ndefu. Wamisionari wa Kikatoliki walikuwa wamepiga kambi Bukumbi, mwendo mfupi kutoka Kigongo, tangu mwaka 1883, na baada yao zikaja shule. Mwaka 1928 reli ikafika Mwanza kutoka Tabora, ikaleta makarani, mafundi na wapakiaji mizigo, na aghalabu mahali palipokuwa na karakana ya reli na shule ya wavulana palipatikana kiwanja. Reli ile, hata hivyo, haikujengwa ili vijana wacheze. Ilijengwa ili pamba itoke.

Na pamba ilitoka kwa wingi. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kilicho katika nchi hiyo hiyo ya Misungwi, kilitoa mbegu zilizowafaa wakulima, na vinu vya kuchambulia vikaota kandokando ya ziwa kila upande wa ghuba. Kwa kuwa vinu vile vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi, na mizani yao ilitiliwa shaka, waliinuka Waafrika wa Mwanza wakataka kupima pamba yao kwa macho yao wenyewe. Na miongoni mwao akatokea Paul Bomani, kijana mwenye akili ya hesabu na ulimi wa subira, aliyezunguka vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1950 akiwafunga wakulima katika vyama vya msingi hata mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika vya Viktoria, ambalo katika siku zake lilitajwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vilivyoendeshwa na Waafrika. Baadaye Bomani akawa waziri, na shirikisho likageuka kuwa Nyanza, jina ambalo wazee wa Sengerema hulitamka hata leo kwa heshima iliyochanganyika na jitimai. Ushirika ule ulinunua vinu, ulijenga ghala, ulishiriki kusimamisha kiwanda cha nguo cha Mwatex. Na penye kiwanda, maghala na mishahara ya mwisho wa mwezi, mpira hauna tena haja ya kuomba sadaka.

Mwanza ilipata sifa ya mji wa mpira kwa nchi nzima siku moja hasa, tarehe 10 Agosti 1974, ambapo fainali ya ligi ya taifa ilichezwa Nyamagana baina ya mahasimu wawili wa Dar es Salaam. Adam Sabu aliifungia Simba bao dakika ya 16, na bao hilo likakaa muda wote wa jua la mchana hata wafuasi wa Simba walipokwisha kujipongeza. Zikiwa zimebaki dakika tatu Gibson Sembuli akasawazisha, na katika muda wa nyongeza Sunday Manara akafunga la pili, Yanga ikabeba ubingwa. Uwanja wenyewe ulikuwa mdogo kuliko heshima iliyoushukia. Haikuwa timu ya Mwanza iliyocheza siku ile, lakini walioshuhudia waliondoka na ghera ya kuwa na timu yao wenyewe, na ghera hiyo ilikuta ardhi iliyokwisha kulimwa.

Kwa maana mwaka mmoja kabla, 1973, serikali ilikuwa imeunda Mamlaka ya Pamba Tanzania, na ulipofika mwaka 1976 vyama vya ushirika vilipovunjwa, shughuli yote ya zao, tangu mbegu hata marobota, ikaangukia mamlaka hiyo. Zama zile kila shirika la umma lenye fahari lilikuwa na timu: reli walikuwa nayo Morogoro, bandari walikuwa nayo, kiwanda cha sigara kadhalika, na pamba ikawa nayo Mwanza. Klabu ya Pamba ikalibeba jina la zao bila ya kulipamba, na wapenzi wake wakaiita TP Lindanda, wana Kawekamo. Herufi zile mbili za mwanzo ziliazimwa kwa klabu ya majirani wa Lubumbashi, na jeuri iliyomo ndani yake ilikuwa ya Mwanza yenyewe.

Mpira huu uliitwa wa ridhaa, na kwa kweli ulikuwa hivyo kwa namna yake. Mchezaji hakuwa na mkataba wa mchezo, bali alikuwa na kazi: aliandikwa karani, mtunza ghala au dereva, akalipwa mshahara wa kazi hiyo, na alasiri akaruhusiwa kwenda mazoezini. Wapo wanaodai kwamba ile ilikuwa hila, yaani malipo yaliyovalishwa kanzu ya ajira. Shutuma hizo zina ukweli kiasi, lakini hila hiyo haikosi wenzake duniani. Kule Melbourne, ambako mwaka 1859 watu wa klabu ya mji ule waliandika kanuni za mpira wa Kiaustralia, mchezo unaochezwa na watu 18 kila upande juu ya uwanja wa mviringo ulioazimwa kwa wacheza kriketi, vilabu vikubwa viliwalipa wachezaji kwa siri miaka mingi kabla ya ligi yao kukiri hadharani mwaka 1911 kwamba malipo ni halali. Na pembeni yao kikaendelea chama cha wacheza kwa ridhaa, kilichoanzishwa mwaka 1892, ambacho mpaka leo vilabu vyake, aghalabu vya waliosoma shule moja, huendeshwa kwa ada za wanachama na kazi ya kujitolea. Tofauti ni kwamba wale walikuwa na ikhtiari: asiyetaka ridhaa alikwenda kwenye malipo. Kijana wa Kawekamo hakuwa na mlango wa pili. Ridhaa yake ilitegemea robota la pamba kufika bandarini na bei yake huko Liverpool.

Na robota lilipofika, mambo yalinyooka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Pamba ilikusanya kizazi cha wachezaji ambacho watu wa Mwanza hawajachoka kukitaja: Fumo Felician, George Masatu, Hussein Marsha, Khalfan Ngassa, na wengine ambao kila mpenzi wa zamani huwapanga kwa mfuatano wake na kugombana na mwenzake juu ya nani alistahili nafasi gani. Mwaka 1989 ikachukua Kombe la Nyerere. Mwaka 1990 ikawa bingwa wa Muungano, ikazipita timu za bara na za Zanzibar. Na mwaka huo huo, katika mashindano ya Afrika ya washindi wa makombe, iliifunga Anse Boileau ya Shelisheli mabao zaidi ya kumi katika mchezo mmoja, jambo ambalo wenyeji hulisimulia kwa namna ya kuwahurumia wageni, ingawa nyuso zao hazioneshi huruma hata chembe. Kombe la Nyerere likarudi tena Mwanza mwaka 1992. Wakati huo Kirumba ndio uliokuwa uwanja mkuu, na siku za mchezo vivuko vya Busisi vilipakia mashabiki wa Sengerema na Geita, kwa sababu zao liliwaunganisha watu ambao ghuba iliwatenga: mkulima wa Buchosa na mchezaji wa Kawekamo walikula katika sahani moja, na wote wawili walilijua hilo.

Anguko halikuja uwanjani. Katika msimu wa 1994/95 ununuzi wa pamba ulifunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, mashirika yakaacha kuajiri, vinu vingine vikauzwa na vingine vikafungwa milango, na pale Mwatex mashine zikanyamaza. Watu binafsi waliokuja kununua pamba walitaka pamba, hawakutaka timu, na siwezi kuwalaumu, maana hakuna sheria iliyowalazimisha. Masatu na Marsha walikuwa wamekwisha kuhamia Dar es Salaam, kama ilivyo desturi ya kila kipaji kinachochipua bara. Klabu ikabaki na jina, na mwaka 2001 ikashuka daraja. Ikakaa huko miaka 23.

Katika muda huo heshima ya Mwanza ilishikwa na Toto African, wana Kishamapanda, timu iliyopanda na kushuka kama maji ya ziwa katika majira yake, na ambayo mahasimu wake hawakukoma kuisimanga kwamba ni mtoto wa kambo wa Yanga. Sitatia neno katika ugomvi huo. Yatosha kusema kwamba Mrisho Ngassa, mwana wa Khalfan, alipita katika timu hiyo kabla ya kujulikana nchi nzima, na kwamba mji uliozaa wachezaji wengi kiasi hicho ulikaa miaka mingi ukipishana na Ligi Kuu mlangoni.

Pamba ilirudi mwaka 2024, lakini si mikononi mwa zao. Halmashauri ya Jiji la Mwanza iliichukua, ikaiita Pamba Jiji, na leo anayelipa mshahara wa mlinda mlango si mkulima tena bali mlipa ushuru wa soko. Msimu wake wa kwanza, 2024/25, ilihangaika, ila ilisalia. Na katika siku zile zile ligi ilipokuwa ikifikia ukingoni, tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alifungua daraja la Kigongo na Busisi, linaloitwa kwa jina la Rais John Magufuli aliyeweka jiwe lake la msingi mwaka 2019, lenye urefu wa kilomita 3. Safari ya majini iliyoweza kula saa mbili pamoja na kungoja ikawa ya dakika chache, na vivuko vya MV Mwanza, MV Misungwi na MV Sengerema vikapoteza kazi viliyoizoea.

Kwa mpira, daraja lile lilikuja na dhihaka kidogo. Miongo yote ambayo timu za magharibi zililazimika kungoja kivuko, zilikuwako za kungoja: Kagera Sugar ilikuja kutoka Bukoba, na Geita Gold, mwana wa mgodi kama Pamba ilivyokuwa mwana wa kinu, ilicheza Ligi Kuu tangu 2021. Geita ilishuka daraja mwaka 2024, na Kagera Sugar ikaifuata mwaka 2025, mwezi ule ule wa ufunguzi. Hivyo katika msimu uliofuata njia ilikuwa nyeupe, na wa Ligi Kuu aliyesalia upande ule alikuwa Mashujaa ya Kigoma, ambayo basi lake, likitaka kufika Kirumba kwa njia ya Kasulu, Nyakanazi na Geita, lingepita Busisi bila ya kuzima injini.