Kumtumainia Mungu na Kuiishi Imani: Fundisho la Pugu kwa Waamini wa Kibaha na Kisarawe



Maneno "mtumainie Mungu" tunayasikia karibu kila Dominika. Tunayataja katika sala zetu, na wengine tumeyaandika kwenye milango ya maduka na vioo vya magari. Lakini siku mtu anapouguza mtoto bila nafuu, anapopoteza kazi, au anapogundua kwamba kiwanja alichokinunua kwa akiba ya miaka mingi kimeuzwa pia kwa mtu mwingine, ndipo hujulikana kwa hakika anamtumainia nani. Katika makala haya tunaeleza Mama Kanisa anafundisha nini juu ya tumaini hilo. Tunautazama pia ushuhuda uliotolewa jirani kabisa nasi, katika vilima vya Pugu vinavyopakana na Kisarawe.

Maana ya kumtumainia Mungu

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inayataja matumaini kuwa mojawapo ya fadhila tatu za Kimungu, pamoja na imani na mapendo (KKK 1812-1829). Kwa matumaini tunautamani uzima wa milele kama heri yetu, tukizitegemea ahadi za Kristo na neema ya Roho Mtakatifu kuliko nguvu zetu wenyewe. Ni paji la Mungu, nasi tunaalikwa kulipokea na kulitendea kazi.

Dhambi mbili huipinga fadhila hii (KKK 2091-2092). Ya kwanza ni kukata tamaa, yaani kuacha kutarajia wokovu na msamaha kutoka kwa Mungu. Ya pili ni kujiamini kupita kiasi: kudhani tutaokoka kwa uwezo wetu, au kwamba tutasamehewa pasipo kuongoka. Aliyekata tamaa anasema Mungu hawezi. Anayejiamini kupita kiasi anasema Mungu analazimika. Wote wawili wameuacha mkono wa Baba.

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha njia iliyonyooka. Shadraka, Meshaki na Abednego, waliposimama mbele ya tanuru la moto, walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, na kwamba hata asipowaokoa hawataiabudu sanamu yake (Dan 3:17-18). Hapo ndipo penye kiini cha fundisho letu. Kumtumainia Mungu si mkataba wa kukingwa na kila hasara. Ni kubaki waaminifu kwake hata pale ambapo hatujauona msaada tulioutarajia.

Ushuhuda wa Pugu

Mwaka 1888, Wabenediktini Wamisionari wa St. Ottilien, Ujerumani, walifungua misioni yao ya kwanza huko Pugu. Walikuwa wageni kwa nchi, kwa lugha na kwa maradhi ya pwani. Mwaka huohuo watu wa pwani, wakiongozwa na Bushiri bin Salim na wengine, waliinuka dhidi ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki iliyokuwa inatwaa utawala wa miji yao. Machoni pa wapiganaji, misioni iliyokaliwa na Wajerumani haikuwa na tofauti kubwa na Kampuni hiyo. Tarehe 13 Januari 1889 misioni ya Pugu ilishambuliwa na kuteketezwa. Bruda Petrus, Bruda Benedikt na Sista Martha waliuawa; wengine walichukuliwa mateka, wakakombolewa baadaye.

Tusiipite habari hii upesi. Watu hawa walikuwa watu wa sala. Waliadhimisha Misa Takatifu, walisali zaburi mchana na usiku, na walimwomba Mungu ailinde kazi yao kama sisi tunavyoomba azilinde nyumba zetu. Hata hivyo, baada ya mwaka mmoja tu, yaliyobaki Pugu yalikuwa majivu na makaburi. Kwa hesabu ya kibinadamu, tumaini lao lilikuwa limewadanganya.

Lakini shirika lao halikuuacha utume. Kati ya mwaka 1897 na 1902 lilijengwa Kanisa la Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam, ambalo hadi leo ni Kanisa Kuu la Jimbo Kuu. Mwaka 1898 ikaanzishwa misioni ya Peramiho, na mwaka 1906 ile ya Ndanda. Pugu penyewe leo ni kituo cha hija, ambako waamini hupanda kusali Njia ya Msalaba. Wale watatu waliouawa hawakuyaona hata moja kati ya hayo. Mbegu ya ngano isipoanguka katika nchi ikafa, hukaa peke yake (taz. Yn 12:24), mpanzi hakuahidiwa kwamba ataishi mpaka siku ya mavuno.

Mlei katika shule ya Pugu

Ushuhuda wa Pugu haukuishia kwa watawa. Miaka ya 1950 Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alifundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954 alichaguliwa kuwa kiongozi wake, na mwaka 1955 ikambidi achague kati ya ualimu na siasa. Alijiuzulu, akauacha mshahara wa uhakika akiwa na familia changa, bila kujua mwisho wa safari ile. Mwaka 2005 mchakato wa kumtangaza mwenyeheri ulianza katika Jimbo la Musoma, na Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Tunamtaja ili mlei yeyote asiseme kwamba kumtumainia Mungu ni kazi ya mapadre na masista.

Tumaini linapojaribiwa kwetu

Kibaha inakua kwa kasi: kutoka Maili Moja hadi Mlandizi kila mwaka wanahamia watu waliowaacha wazazi na ndugu mbali. Kisarawe, wengi wanaishi kwa muhogo, korosho na biashara ndogondogo, wakitegemea mvua na bei wasizoweza kuzipanga. Katika mazingira haya tumaini hujaribiwa hasa katika mambo manne.

Kwanza, katika ugonjwa. Wapo miongoni mwetu wanaokomunika Dominika asubuhi, na usiku wanampelekea mganga jina la jirani ili aambiwe nani kawaroga. Wapo wanaohama kutoka kwa mhubiri mmoja hadi mwingine wakinunua maji na mafuta ya miujiza. Kanisa linafundisha wazi kwamba uaguzi, uchawi na kuvaa hirizi vinapingana na heshima tunayopaswa kumpa Mungu peke yake (KKK 2116-2117). Ramli, tena, haimponyi mgonjwa. Mara nyingi huacha nyuma yake ndugu wasiosemezana. Mgonjwa wetu tumwite padre ampe Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa (taz. Yak 5:14), na tumpeleke hospitali. Kumpeleka mgonjwa Tumbi si upungufu wa imani, kwa maana Mungu ndiye aliyemuumba tabibu na kuzitoa dawa katika ardhi (taz. YbS 38:1-15).

Pili, katika riziki. Bwana wetu anatuagiza tusisumbukie chakula wala mavazi, bali tuutafute kwanza Ufalme wa Mungu na haki yake (taz. Mt 6:25-34). Hakutuagiza tukae bila kufanya kazi. Anayemtumainia Mungu analima, anauza na kujenga, lakini hauzi kiwanja kimoja mara mbili, hapunguzi mizani, wala hacheleweshi ujira wa kibarua wake kwa makusudi. Udhalimu wa namna hii ni ukosefu wa tumaini: mtu anaiba kwa sababu haamini kwamba Baba anajua mahitaji yake.

Tatu, katika upweke. Maaskofu wa AMECEA waliamua mwaka 1976 kuzifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Ni katika Jumuiya ambako mhamiaji wa Kibaha hupata ndugu, na mjane wa kijijini Kisarawe hupata wa kumshika mkono. Mtakatifu Yakobo anatuonya kwamba kumwambia mwenye njaa aende kwa amani bila kumpa chakula hakufai kitu (taz. Yak 2:14-17). Mara nyingi Mungu huijibu sala ya jirani yetu kwa kutumia kapu letu.

Nne, katika ujirani. Wengi wa majirani zetu ni Waislamu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, ulihimiza pande zote mbili zisahau magomvi ya kale na kushirikiana katika kudumisha haki na amani. Kumbukumbu ya Pugu isigeuzwe kuwa kinyongo. Tunawaenzi waliouawa pale tunapozika pamoja, tunapouguzana na kutakiana heri.

Tufanye nini?

Tusali kila siku kama familia, hata kama ni fumbo moja la Rozari. Tushiriki Ekaristi Takatifu na kupokea mara kwa mara Sakramenti ya Kitubio. Tuhudhurie Jumuiya, na tusimwache mgonjwa peke yake na hofu yake, kwa kuwa hofu ndiyo inayompeleka kwa mganga.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya:

1. Shida inapoingia nyumbani, mtu wa kwanza tunayemkimbilia ni nani, na kwa nini?
2. Je, katika Jumuiya yetu yupo anayebeba mzigo peke yake wiki hii? Tutamtembelea lini?
3. Ni jambo gani jema ambalo tungelitenda hata kama tungejua hatutaishi kuona matunda yake?

Bwana atujalie neema ya kumtumainia yeye katika kupata na katika kukosa, kwa maombezi ya Bikira Maria, Mama wa Matumaini. Amina.