Kuitafuta Nchi ya Majitu

Nilianza na ramani ya Norway, maana jina limeandikwa pale waziwazi: Jotunheimen, makao ya majitu, safu ya milima yenye kilele cha Galdhøpiggen, mita 2,469. Nikadhani nimefika. Nilipoulizia umri wa jina hilo nikagonga mwamba: mshairi mmoja ndiye aliyelitunga, mwaka 1862. Basi wasimulizi wa kale wa hadithi za miungu na majitu walinyoosha kidole upande gani?

Nikazigeukia hati. Mashairi mengi ya hadithi hizo yamo katika kitabu cha ngozi ya ndama, kimo chake sentimita 19 tu, kilichoandikwa Iceland miaka ya 1270. Kurasa 90 zimesalia, 16 zimepotea. Nilishuku kuwa jibu limepotea nazo. Sivyo. Pengo limeangukia habari za mashujaa. Za miungu na majitu zimo. Je, zinapatana?

Hazipatani. Shairi moja linataja mto Ifing, usioganda kamwe, kuwa ndio mpaka kati ya miungu na majitu. Jingine linamrusha mungu Loki kwa vazi la manyoya, wala halitaji mto. Kitabu cha nathari cha mnamo 1220 kinampeleka mungu Thor mashariki, kinamvusha bahari, kinamwingiza msituni. Usiku analala ndani ya nyumba yenye mlango mpana ajabu. Kunapambazuka, kumbe ni glavu ya jitu. Chumba cha pembeni alichojibanza ndicho kidole gumba! Hata jina lenyewe hati hupenda kuliandika kwa wingi, Jötunheimar, kana kwamba makao hayo ni mengi. Nani basi aliyeyazungushia mpaka mmoja?

Namshuku mwandishi wa nathari. Shairi la kale linasema tu kwamba Midgard, makao ya wanadamu, ilitengenezwa kwa nyusi za jitu Ymir. Yeye anaongeza kwamba ni ngome ya kuwazuia majitu, waliopewa pwani. Aliandika karne mbili baada ya Iceland kuingia Ukristo. Huenda alipanga yaliyotawanyika; huenda pia alisikia simulizi ambayo haikutufikia. Simhukumu. Lakini ngome ya nini?

Hapo ndipo niliposoma tena nasaba ya miungu. Bestla, mama yake mungu Odin, ni binti wa jitu. Odin na nduguze ndio waliomuua Ymir, mzee wa ukoo wote wa majitu, kisha wakaujenga ulimwengu kwa mwili wake. Ngome ile iliwazuia wageni, au wajomba waliokuwa wakidai damu yao?