Rubani Ana Jina, Askari Hana: Tunavyosoma Vitabu vya Mashujaa wa Vita

Vitabu vya historia ya vita, hasa vile vinavyosimulia habari za marubani wa ndege za kivita na askari waliothubutu makubwa, havikosi wasomaji. Wanafunzi wetu wa Kiswahili hapa Uganda nao huvisoma, wala hatuwalaumu. Nasi tulivisoma tukiwa na umri wao. Kitabu cha namna hiyo kina mwendo wa ngano: shujaa anaondoka kwao, anakutana na hatari, anaponea chupuchupu, kisha anarudi akiwa mtu mwingine. Swali tunalotaka kulijadili katika makala haya ni hili: katika vitabu hivyo, nani hutajwa kwa jina na nani hatajwi? Na je, Kiswahili kimo wapi katika habari hizo?

Tumechagua kitabu kimoja kiwe mfano wetu mkuu, nacho ni Going Solo cha Roald Dahl, kilichotoka mwaka 1986. Tumekichagua kwa sababu sehemu yake ya kwanza inatokea Afrika Mashariki, na maneno ya Kiswahili yamo ndani yake.

Rubani aliyepitia Dar es Salaam

Dahl alizaliwa Wales mwaka 1916, wazazi wake wakiwa watu wa Norwei. Wengi wanamfahamu kwa hadithi zake za watoto. Mwaka 1938 kampuni ya mafuta ya Shell ilimtuma kufanya kazi Dar es Salaam, na huko akajifunza Kiswahili. Vita Kuu ya Pili ilipoanza Septemba 1939, alikabidhiwa kikundi cha askari wa King's African Rifles (KAR) ili awazuie Wajerumani waliokuwa wakiishi Tanganyika wasitoroke kwa barabara ya kusini kuelekea Msumbiji, iliyokuwa chini ya Wareno. Miezi miwili baadaye aliendesha gari hadi Nairobi akajiunga na Jeshi la Anga la Uingereza. Anaeleza kwamba kundi lao la mafunzo lilikuwa la vijana 16, na kwamba 13 kati yao walikufa angani kabla vita havijaisha.

Tarehe 19 Septemba 1940 alipewa ndege aina ya Gladiator aipeleke kutoka Misri hadi kwenye kikosi chake jangwani. Kiwanja hakukiona, mafuta yakapungua, jua likazama. Akajaribu kutua penye mawe na ndege ikavunjika na kuwaka moto. Fuvu la kichwa lilipasuka, na kwa majuma kadhaa hakuona kitu. Hata hivyo, Aprili 1941 alikuwa Ugiriki akirusha ndege aina ya Hurricane, na tarehe 20 ya mwezi huo alishiriki mapambano makali ya angani juu ya Athens. Siku hiyo ndipo alipouawa Pat Pattle, rubani kutoka Afrika Kusini ambaye vitabu vingi vinamhesabu miongoni mwa marubani hodari kabisa wa upande wa Uingereza na washirika wake.

Mgema akisifiwa

Hapa pana somo la kwanza kwa mwanafunzi wa historia. Mwaka 1942, Dahl akiwa afisa katika ubalozi wa Uingereza mjini Washington, gazeti la Saturday Evening Post la Marekani lilichapisha kisa chake cha jangwani. Kichwa cha habari kilisema kwamba alitunguliwa nchini Libya. Katika kitabu cha 1986 Dahl mwenyewe anaeleza kwamba hakutunguliwa na yeyote; alielekezwa mahali pasipo. Tendo ni lile lile na mtu ni yule yule, lakini wakati wa vita msomaji wa Marekani alihitaji kuona adui katika kila kisa.

Hesabu nazo zina mambo yake. Idadi ya ndege ambazo Pattle alizitungua hutajwa kuwa kama 40, na wengine huipandisha kupita 50. Sababu moja ya tofauti hiyo ni kwamba kumbukumbu za kikosi zilipotea Waingereza walipokuwa wakikimbia kutoka Ugiriki. Kwa hiyo tunapokutana na idadi kamili katika kitabu cha shujaa, tuulize imetoka katika daftari gani.

Sisi Waganda tunao mfano wa karibu zaidi. Idi Amin alipenda kusema kwamba alipigana Burma. Kumbukumbu za jeshi zinaonyesha kwamba aliingia KAR mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha. Sifa ya Burma ilikuwa kubwa hata asiyefika huko akaitamani.

Askari aliyeokoa maisha

Turudi kwenye barabara ile ya kusini mwa Dar es Salaam. Dahl anasimulia kwamba Mjerumani mmoja alimwelekezea bastola kifuani, na kabla hajafyatua, askari wa KAR aliyekuwa amejificha msituni alimpiga risasi Mjerumani huyo akafa papo hapo. Kwa maelezo yake mwenyewe, basi, uhai wa rubani huyu na hadithi zote alizokuja kuwaandikia watoto wa dunia zilitegemea shabaha ya mtu mmoja wa Afrika Mashariki. Pattle tunamjua kwa jina, na aina ya kila ndege tunaijua, lakini jina la askari huyo hatupewi.

Mwafrika anayepewa jina na sura nzima ni Mdisho, mtumishi wa nyumbani. Hata hapo, mwalimu wa Kiswahili ataona kasoro mara moja: kabila lake limeandikwa "Mwanumwezi". Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyesoma ngeli za majina atasahihisha: Mnyamwezi, Wanyamwezi. Kosa ni dogo, lakini linatuonyesha kwamba mwandishi aliyesifiwa kwa macho makali ya rubani alilisikia jina la watu aliokaa nao nusunusu.

Hatusemi haya kumdharau Dahl. Ameandika vizuri, na hofu yake haifichi. Tunasema kwamba kalamu ilikuwa upande mmoja.

Kiswahili cha vitani

Upande wa pili ulikuwa na watu wengi. KAR iliundwa mwaka 1902, na batalioni yake ya nne ilikuwa ya Uganda. Mwacholi, Mkamba, Myao na Mnandi walipokutana kambini hawakuwa na lugha moja ila Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha aina yake, chenye sarufi iliyopunguzwa na upatanisho wa ngeli uliolegea, na wataalamu wa isimu wamekiita KiKAR. Tukikipima kwa kitabu cha sarufi tutakicheka. Lakini kwa lugha hiyo watu walipewa amri, walionyana na kuliliana porini.

Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisonga mbele katika bonde la Kabaw nchini Burma, wakati wa masika, katika matope na malaria, ikifukuzana na jeshi la Japani, na Desemba ikauvuka mto Chindwin karibu na Kalewa. Habari za safari hiyo zinastahili kitabu sawa na za rubani yeyote. Lakini Waafrika walioandika ni wachache. Mmoja wao ni Mganda, Robert Kakembo, aliyehudumu katika kikosi cha elimu cha jeshi. Kitabu chake An African Soldier Speaks kilitoka London mwaka 1946, nacho kinaeleza askari walitarajia nini baada ya vita. Kimeandikwa kwa Kiingereza.

Hata hivyo tusidhani kwamba Kiswahili hakina maandishi ya vita. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga utenzi juu ya vita vya Wajerumani kutamalaki Mrima, na Shaaban Robert akatunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945, uliochapishwa mwaka 1967 baada ya kifo chake. Utanzu tunao tangu zamani. Tulichokosa ni sauti ya askari mwenyewe.

Kazi iliyo mbele yetu

Kwetu sisi jambo hili si la maktaba tu. Mwanafunzi wa Uganda anayechagua Kiswahili bado huulizwa nyumbani: kwa nini unasoma lugha ya askari? Wazee wana sababu. Wengi waliisikia miaka ya 1971 hadi 1979 ikitoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Kuwajibu kwa kutaja katiba na Jumuiya ya Afrika Mashariki hakutoshi. Tunaweza pia kuwajibu kwamba kabla ya hapo lugha hiyo ilikuwa ya babu zao wenyewe, vijana waliopelekwa mbali katika vita ambavyo hawakuvianzisha, wakaitumia kuokoana.

Kwa walimu tunapendekeza zoezi moja. Wasomeni na wanafunzi kisa cha Dahl na Mjerumani wa barabarani, kisha waambieni wakiandike upya kwa Kiswahili, msimulizi akiwa yule askari aliyejificha. Watalazimika kumpa jina, kwao na lugha ya mama. Wataamua pia kama atazungumza Kiswahili sanifu au KiKAR, nao mjadala wa hapo utafundisha isimujamii kuliko mihadhara mitatu.

Kwa wanafunzi, kazi ni ya likizo. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1944 angekuwa na miaka 100 hivi sasa. Wenyewe karibu wote wametutoka. Lakini medali zimo masandukuni, barua zimo, na nyimbo za gwaride bado zinakumbukwa na wajane na wajukuu. Nendeni na daftari. Ulizeni kwanza jina, kisha namba yake ya jeshi, kisha maneno ya Kiswahili aliyorudi nayo. Na mkisharudi, leteni mlichoandika idarani, tutakihifadhi.